Kelele za Mlango wa Jirani

Mafia haina reli. Haijawahi kuwa nayo, na katika kampeni zote nilizozisikiliza tangu ujana wangu, ambamo tumeahidiwa gati, barabara, maji na umeme wa uhakika, hakuna hata mgombea mmoja aliyethubutu kutuahidi treni. Hata hivyo mimi mzaliwa wa Kilindoni nimeishi na kelele za vyombo karibu umri wangu wote: utotoni kando ya uwanja wa ndege, ujanani kando ya Reli ya Kati kule Buguruni, na sasa nimerudi kuzeekea pale pale uwanjani. Nikimsikia mtu akisema kuwa kelele ni kelele tu, ipimwe kwa mashine na mjadala uishe, hutamani kumkalisha barazani nimsimulie. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi. Mimi huuliza kwanza: mlango wa nani? Wangu haunikeshi, hata ukilia usiku kucha. Wa jirani ni habari nyingine.

Mji wetu wenyewe ni mtoto wa vyombo. Wajerumani walipoipata Mafia mwaka 1890, kwa mapatano yao na Waingereza, makao ya utawala yalikuwa Chole, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki ambako magofu ya boma lao yamesimama hadi leo yakibanwa na mizizi. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, upande wa pili, kwa kuwa huko meli kubwa za moshi zilipata maji ya kutosha kutia nanga. Kwa hiyo Kilindoni haikuwekwa hapa kwa ajili ya kisima, wala ziara ya sharifu, wala ardhi nzuri ya minazi. Iliwekwa kwa ajili ya meli. Aliyejenga hapa alijua anajenga mlangoni.

Kelele ya kwanza ambayo haikuwa yetu ilikuja mwaka uliofuata. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga meli ya Kiingereza Pegasus pale Unguja, kisha ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ng'ambo yetu. Waingereza waliujua mto, lakini meli haikuonekana kutoka baharini. Wakatafuta macho ya angani. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Afrika Kusini na ndege yake ya Curtiss, ile aina inayoelea majini, wakaileta kwa meli hadi Nyororo. Wavuvi wetu wanaijua Nyororo. Ni kisiwa kidogo cha mchanga na vichaka magharibi mwa Mafia, mahali pa kupumzikia dago. Kutoka hapo, Novemba 1914, Cutler akaruka kwenda Rufiji na kurudi na habari kwamba ameiona meli. Desemba alianguka mikononi mwa Wajerumani.

Januari 1915 Waingereza walishuka Kisimani, kusini magharibi mwa kisiwa, na katika siku chache Mafia ikawa yao. Wakaja na stempu zao za kubandika barua, zilizopigwa mhuri wenye jina la kisiwa chetu. Wenye kukusanya stempu duniani wanazitafuta mpaka leo. Wakaja pia na ndege zaidi. Kwanza zilikuwa Sopwith za majini, ambazo joto letu lilizishinda zikashindwa kunyanyuka na mzigo. Zikafuata za Short. Juni 1915 zikaletwa Henri Farman na Caudron, ndege za magurudumu, na hizo zilihitaji ardhi. Uwanja ukafyekwa Mafia. Tarehe 11 Julai manowari ndogo Severn na Mersey zikaingia mtoni na kufyatua, huku ndege iliyotoka kisiwani ikiwaelekeza wapigaji mahali makombora yanapotua. Rubani Cull na mwenzake Arnold walipigwa ndege yao hewani, na hata walipokuwa wanashuka kuelekea mtoni bado walikuwa wanatuma ishara za kurekebisha shabaha. Siku hiyo Königsberg iliangamia.

Vitabu vya vita hutaja ushujaa huo, na haki yao. Lakini mimi nimelelewa na bibi ambaye aliisikia sehemu yake ya kisa kutoka kwa mama yake. Katika simulizi hiyo hapakuwa na Cull wala Arnold. Palikuwa na minazi iliyokatwa, njia ya shambani iliyofungwa, na mbuzi waliokimbilia vichakani kila "kile kitu" kilipoanza kunguruma. Nilipomuuliza bibi kama kelele ile ilikuwa kubwa, alinitazama akanijibu kwa swali: "Ilikuwa inampeleka nani kati yetu?" Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyejua inarudi saa ngapi. Muungurumo ulipita juu ya makuti ya watu ukielekea kwenye ugomvi wa watu wengine.

Kutoka hapo kisa chenyewe kinaingia relini. Wajerumani waliopoteza meli hawakuiacha mizinga yake mtoni. Waliitoa yote 10, ya milimita 105, wakaikokota hadi Dar es Salaam, na katika karakana ya reli ikawekewa magurudumu ipigane nchi kavu. Mmoja ulisafirishwa kwa treni hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hiyo nayo ilikuwa imepita njia ile ile: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa mabehewani kwenda Ziwa Tanganyika. Ndiyo tunayoiita leo Liemba. Basi kile chuma kilichofuatwa kwa ndege za Mafia kilipita kwa mlio wa treni mahali ambapo, miaka sitini na ushei baadaye, mjomba wangu alitandika kitanda chake.

Reli ile ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla vita havijalipuka. Ni reli nyembamba, upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Vyuma vyake viliungwa kipande kwa kipande, na kati ya vipande huachwa mwanya, kwa kuwa chuma hutanuka juani na kisipopewa nafasi hupinda. Gurudumu linapovuka mwanya hudunda. Behewa lina magurudumu ya mbele na ya nyuma, na treni ina mabehewa mengi. Ndipo unapopata ile ta-ta, ta-ta ambayo kila mtoto wa Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto aliweza kuiigiza kwa ulimi kabla hajajua kuhesabu.

Nilipelekwa kwa mjomba Buguruni mwaka 1978, kusoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja nyuma, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Mjomba alikumbuka bado vichwa vya mvuke, akasema vilikuwa vinapumua kama mtu mwenye pumu anayepanda ngazi, hasa vikianza kuukabili mwinuko wa Pugu. Mimi nilikuta dizeli. Dizeli haipumui, inatikisa. Unaisikia kwanza kwenye nyayo, halafu kwenye kabati la vyombo, halafu masikioni, na mwisho inakuja honi ya kwenye kivuko, ndefu, ya kuwafukuza wauza mboga waliotandaza bidhaa zao juu ya mataruma.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, na mkaza mjomba ndiye aliyekuwa ameipanga. Upande wa reli aliweka stoo na jiko, upande wa pili vitanda. Kabati lilisimama mbali na ukuta, na kati ya sahani na sahani palikuwa na kipande cha kanga iliyochakaa, kwa hiyo treni ilipopita vyombo vilinong'ona tu badala ya kugongana. Nguo hazikuanikwa upande wa reli. Masizi yalikuwa hayachagui shuka jeupe. Nyufa za ukuta zilizibwa kila mwaka kabla ya masika, na saruji iliyobaki ilitunzwa kwenye kopo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Watoto wachanga walilala kwenye mkeka chini, siyo kitandani, kwa hoja yake kwamba kitanda cha chuma hukariri maneno ya reli na sakafu haikariri.

Maneno ya watu nayo yalikuwa na utaratibu. Treni ikifika, unasimamisha sentensi ulipofikia. Ikipita, unaendelea pale pale bila kurudia mwanzo. Wageni walidhani tumekosana. Mkaza mjomba alikuwa na sheria moja zaidi: mtu akikutupia neno la shari na treni ikapita katikati, huruhusiwi kulijibu tena. Nimeona ugomvi mwingi ukifia kwenye mabehewa ya mizigo. Msikitini ulikuwepo utaratibu mwingine. Imamu alipozidiwa na mlio, mtu wa safu ya nyuma aliinua sauti kurudia takbira ili wote warukuu pamoja, kama ifanywavyo jamaa inapokuwa kubwa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo iliyotushinda. Vichwa vya habari vingi vya miaka ile nilivijua nusu nusu.

Lakini mjomba alilala. Hilo ndilo lililonishangaza. Mimi, kijana wa kisiwani niliyezoea kusikia wimbi likigeuka, nilikesha wiki nzima nikingojea paa lianguke. Yeye alikoroma treni ya abiria ikipita, akakoroma kichwa kitupu kikirudi karakana, ila usiku wa treni fulani ya mizigo aliamka mwenyewe, akaketi kitandani, akasikiliza mpaka behewa la mwisho, kisha akarudi kulala. Ilikuwa treni yenye nazi zake.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Zilikwanyuliwa Mafia, zikapakiwa jahazini Kilindoni, zikasubiri upepo, zikashushwa Malindi, bandari ya majahazi ya Dar es Salaam. Sehemu iliuzwa Kariakoo na Buguruni. Iliyobaki ilipelekwa Stesheni, ikatiwa magunia na kupakiwa kwenda Dodoma, Tabora na Kigoma, ambako mnazi hauoti kwa raha na mchuzi wa nazi ni heshima ya mgeni. Kutoka Kigoma yalirudi madebe ya mawese na dagaa. Ada ya shule yangu ilipita juu ya zile ta-ta, ta-ta. Siku mkaza mjomba aliponieleza hivyo, kwa maneno machache, huku akipanga vile vipande vya kanga kati ya sahani, nilianza kulala.

Majirani hawakuwa sawa. Kulikuwa na mzee mpangaji, fundi wa baiskeli, ambaye hakuwa na mzigo wala ndugu bara. Huyo aliitukana kila treni kwa jina la kichwa chake, miaka nenda miaka rudi, na hakuizoea mpaka alipohama. Masikio yake na ya mjomba yalikuwa hatua ishirini kutoka chuma kile kile. Mama muuza chai upande wa pili, kwa upande wake, alijua treni ya bara inayochelewa kabla ya wahusika wa Stesheni kutangaza, kwa sababu abiria wanaochelewa wana njaa. Kwake kimya ndicho kilichokuwa hasara.

Reli iliendelea kutubadilikia. Mabehewa ya mizigo yalipungua, malori yakachukua nazi, na mjomba akaanza kulalamika kwamba treni zina kelele kuliko zamani, wakati kwa hesabu yoyote zilikuwa chache kuliko zamani. Tarehe 29 Oktoba 2012 ikaanza treni ya abiria wa mjini kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Asubuhi na jioni ikajaa wanafunzi, vibarua na mama ntilie. Mtaa uliokuwa umekasirika ukapoa. Kelele ziliongezeka, malalamiko yakapungua, maana sasa aliyelala kando ya reli aliamshwa na chombo ambacho angekipanda mwenyewe saa moja baadaye.

Halafu zikaja X. Sheria huiwekea reli hifadhi yake, mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, na nyumba nyingi za relini zilikuwa zimeingia humo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2017, maandalizi ya reli mpya yakiendelea, rangi nyekundu ilitembea ukutani mtaa kwa mtaa. Mjomba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mtoto wake akafungasha, akaondoka na milango, mabati na lile kabati, akajenga Pugu. Kichekesho cha Mwenyezi Mungu ni kwamba Pugu zinapita reli zote mbili, ile ya mita moja na ile ya kisasa.

Nilikwenda kumtembelea baada ya treni za umeme kuanza kubeba abiria kwenda Morogoro, Juni 2024. Reli hii ina upana wa milimita 1,435, na vyuma vyake vimechomelewa vikawa kimoja, kwa hiyo ta-ta hakuna. Kinachopita ni uvumi, kama upepo wa kusi uliopewa ratiba. Kwa sikio, ni pole kuliko babu yake. Nikamwambia mtoto wa mjomba kuwa sasa amepumzika. Akacheka. Alisema ile ya zamani anaisikia na kuisahau, ila hii ya pole ndiyo inayomgeuza kichwa kila mara. Chombo kinachokimbia kilomita 160 kwa saa lazima kizungushiwe uzio, na uzio hauna mahali pa kutandaza mchicha wala pa kukatisha kwenda kwa jirani. Lazima uende mpaka kwenye kivuko cha chini. Alikuwa hajaipanda bado. Mwaka uliofuata binti yake akapata kazi Morogoro, akawa anakuja nyumbani mwisho wa juma kwa treni hiyo. Nilipompigia simu kumuuliza habari za kelele, ilibidi anirudishie swali: kelele gani?

Kilindoni sasa. Uwanja wetu wa ndege uko mjini hasa, siyo nje ya mji. Utotoni tulikatisha juu yake kwenda shule, na kabla ndege haijatua mtu alitangulia kufukuza ng'ombe. Zilikuja Twin Otter za Shirika la Ndege, zikinguruma kwa sauti nene, na uwanja ulikuwa wa changarawe, hivyo kila ndege ilileta kelele na vumbi kwa pamoja. Kisha, katika mradi wa fedha za Marekani uliomalizika mwaka 2013, njia ya kurukia ikawekwa lami. Vumbi likaisha, ndege zikaongezeka. Siku hizi ni zile Cessna Caravan za injini moja, zinazopiga mluzi kuliko kunguruma, zinazotoka Dar es Salaam kwa muda wa nusu saa hivi na wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe na kuzamia kwenye matumbawe ya Utende.

Wengi wetu hatuzipandi. Tunasafiri kwa boti na kwa kivuko cha MV Kilindoni, tukivuka hadi Nyamisati upande wa Rufiji, kisha basi. Ukikaa barazani kwangu utaiona tofauti kwa macho. Honi ya kivuko ikilia, mtaa unainuka: huyu ana mzigo, yule anampokea mkwe, bodaboda wanawasha pikipiki. Ndege ikipita, watu wanaendelea na bao, isipokuwa mmoja au wawili wanaofanya kazi mahotelini, ambao hutazama saa. Mkuna nazi wa nyuma yangu, mama mwenye ulimi mkali, huzihesabu ndege za msimu wa wageni na kusema kila moja imemtoboa sikio. Kivuko kina honi mara tatu ya hiyo na sijamsikia akikitaja.

Mara moja tu nimeuona mtaa wote umesimama kwa ajili ya ndege. Mzazi mmoja alishikwa na uchungu usiokwenda, bahari ilikuwa imechafuka, na ndege ikaja kumchukua kumpeleka Dar es Salaam. Ilipoanza kukimbia kwenye lami hakuna aliyeziba masikio. Mama yule mkuna nazi alisimama na kibao cha mbuzi mkononi akiisikiliza mpaka ilipopotea juu ya mlango bahari, akituambia sisi tuliokuwa tunaongea tunyamaze asikie kama inakwenda vizuri.

Kwa hiyo historia yangu ya kelele, kutoka Farman za mwaka 1915 hadi treni za umeme, inanifunza jambo moja la kuwaambia wanaopanga mambo yetu. Mtu huzoea kelele ya chombo kinachombeba yeye, mzigo wake au mwanawe, na haizoei ile inayopita juu ya kichwa chake kwenda kuhudumia wengine, hata ikiwa ya pole namna gani. Uwanja wa Kilindoni utaongezwa siku moja, na ndege kubwa zitakuja. Mji uliozaliwa kwa ajili ya meli hauwezi kukataa vyombo. Tutakapoitwa kwenye mkutano wa hadhara kuelezwa, na kuonyeshwa mchoro na kiwango cha sauti, mimi nitanyoosha mkono niulize nauli ya mtu wa Kilindoni ni kiasi gani, na nazi zetu zitapakiwa siku gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayotuambia kama tutalala.